Kwa nini tarehe za kurusha roketi zinahamahama

Unauliza kwa nini ratiba ya mwaka mzima ya vyombo vya anga inabadilika kila ukiifungua. Angalia kwanza kama kuna NET (kifupi cha Kiingereza, "no earlier than") mbele ya tarehe: maana yake ni "si kabla ya siku hiyo", basi, hakuna ahadi zaidi ya hapo. Ikiandikwa mwezi tu, au "robo ya tatu", usipange chochote.

Safari za kwenda Mirihi ndizo zisizobembelezeka. Nafasi ya kuruka hufunguka takriban kila miezi 26, na kwa wiki chache tu. Ndiyo maana Julai 2020 iliondoka misafara mitatu: Hope ya Falme za Kiarabu, Tianwen-1 ya China na Perseverance ya Marekani. InSight, chombo cha NASA cha kutua Mirihi, ilipangiwa Machi 2016; ombwe la kifaa chake cha kupima mitetemeko likavuja, na ikaruka Mei 5, 2018. Tundu dogo, miaka miwili.

Safari za Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu ni rahisi zaidi kupangwa upya, maana nafasi hurudi baada ya siku moja au chache. Ila Falcon 9, roketi ya SpaceX, hutumia oksijeni iliyopozwa kupita kiasi, inayojazwa kuanzia dakika 35 hivi kabla ya kuruka. Hesabu ya kurudi nyuma kuelekea kuruka ikisimama hapo, oksijeni inapata joto, na kwa kawaida zoezi linaahirishwa hata hitilafu ikiwa ndogo.

Saa nazo huandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, kwa hiyo tarehe yenu inaweza kuwa ya kesho yake.