Ukishaiuzia Makumbusho Sanamu Yako, Bado Una Sauti?

Barua za wachongaji zimekuwa nyingi siku hizi, nimechukua tatu tu, zilizobaki zinauliza yale yale.

SWALI: Habari za kazi kaka mhariri. Mimi ni mchongaji, kuna jumba la makumbusho lilinunua sanamu yangu ya chuma nikafurahi sana manake ndo ilikuwa kazi yangu ya kwanza kununuliwa na watu wakubwa, sasa nasikia wanaiweka kwenye maonyesho ambayo mimi siyakubali hata kidogo na wala hawajaniuliza. Naweza kuwakatalia au nikishachukua hela basi?

JIBU: Ndugu yangu, ulichouza ni ile sanamu yenyewe, kile chuma. Hakimiliki kwa nchi nyingi inabaki kwako mpaka uwaandikie kwamba umewapa, yaani wakitaka kuweka picha yake kwenye kalenda au fulana za pale dukani kwao, lazima waje kwako. Halafu zipo haki za kimaadili, zinazolinda jina lako lisiondolewe na kazi yako isiharibiwe. Ufaransa wana msimamo mkali, haki hizo haziuziki kabisa. Marekani waliziweka kwenye sheria kwa wasanii wa sanaa za kuonekana mwaka 1990, ila kwa kubana bana.

Sasa kuionyesha tu sanamu waliyoinunua, bila kuikata wala kuipaka rangi, hapo ndo wengi mnakwama, kwa sababu sehemu nyingi mwenye mali anaonyesha anavyotaka. Kanada ni tofauti, kule kazi iliyotengenezwa baada ya tarehe 7 Juni 1988, kuionyesha hadharani ni haki ya msanii (isipokuwa maonyesho ya kuuza au kukodisha), ndo maana makumbusho ya kule yanawalipa wasanii ada ya maonyesho. Ujerumani nao sheria inasema mwenye kuinunua kazi anaruhusiwa kuionyesha, labda msanii awe alikataa waziwazi wakati wa kuuza. Soma tena hapo: wakati wa kuuza. Sio miaka mitano baadaye ukishakasirika.

Na usidhani ni wewe wa kwanza. Januari 3, 1969 mchongaji Mgiriki aliyeitwa Takis aliingia na wenzake kwenye makumbusho ya MoMA pale New York, wakaenda moja kwa moja mpaka kwenye sanamu yake ya mwaka 1960, ile yenye sumaku ya umeme na vitu vinavyoning'inia, wakaitoa kwenye maonyesho wakaibeba mpaka bustani ya makumbusho, akakaa nayo hapo. Sanamu sio yake tena, makumbusho walishaichukua kihalali kabisa! Alichokuwa anadai ni kwamba hajakubali ionyeshwe kwenye yale maonyesho. Kisheria hakuwa na mguu wa kusimamia, lakini wakubwa walikuja kuongea naye na sanamu ikaondolewa kwenye maonyesho. Kutokana na zogo hilo wasanii wa New York wakaanzisha umoja wao, Art Workers' Coalition, wakataka pamoja na mengine msanii awe na neno juu ya kazi yake hata kama imeshauzwa. Mimi Takis namkubali sana, ila sikushauri ukabebe sanamu ya watu, siku hizi walinzi hawana utani. Waandikie barua kwa heshima, sema hukubaliani kwa sababu gani, omba maelezo yako yabandikwe pembeni ya sanamu. Makumbusho mengi hayapendi kugombana na msanii aliye hai kwa sababu kesho wanakuhitaji kwa mahojiano, kwa ukarabati, kwa kila kitu.

SWALI: Kaka pole na majukumu. Sanamu yangu ya mpira iliyopo makumbusho imeanza kukakamaa na kubadilika rangi, wananiambia niitengeneze upya bure kwa sababu eti nilitumia mali mbovu. Mimi nasema walijua ni mpira tangu mwanzo. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, dada, ila sio asilimia mia. Mpira wa lateksi unakufa, kila fundi wa kuhifadhi sanaa anajua, ukigongana na mwanga na hewa unakakamaa unageuka kahawia. Mchongaji wa New York, Eva Hesse, alitengeneza sanamu ya Expanded Expansion mwaka 1969 kwa kitambaa kilichochovywa lateksi na nguzo za faibaglasi, mwaka uliofuata akafariki na umri wa miaka 34 tu. Makumbusho ya Guggenheim pale New York, waliokuwa nayo, walikaa nayo stoo miongo kadhaa, wakaitoa tena 2022 baada ya mafundi kuifanyia kazi ndefu, na ilipotoka sio ile laini ya mwanzo. Hakuwepo wa kumuuliza. Wewe upo, na hiyo ndo nguvu yako.

Upande wa pili yupo msanii Mwingereza Damien Hirst. Kazi yake ya mwaka 1991 ni papa, yule samaki, aliyewekwa kwenye tanki la dawa, akaoza humo ndani, maji yakawa ukungu mtupu, mwaka 2006 akawekwa papa mwingine na kazi ikaendelea kuitwa ile ile. Kwake wazo ndo kazi, samaki anabadilishwa. Kwa hiyo kabla hujabishana na hao watu jiulize kwanza, sanamu yako ni ule mpira au ni umbo? Kama ni umbo, watengeneze upya kwa gharama zao wewe ukisimamia, na ile ya zamani iandikiwe itakuwa nini, itaharibiwa au itatunzwa kama kumbukumbu, usikubali mbili zizunguke mtaani. Ila usisaini karatasi ya kuwaruhusu watengeneze bila wewe kuwepo. Mchongaji Mmarekani Donald Judd alimsainia tajiri mmoja wa Italia aliyekusanya sanaa, Panza, karatasi za namna hiyo, baadaye vitu vikatengenezwa ambavyo Judd mwenyewe alivikana hadharani, na sehemu kubwa ya mali za Panza ikaja kuingia Guggenheim, ugomvi ukawafuata huko huko.

SWALI: Mimi kazi yangu iko stoo tangu waninunulie, haijawahi kuonekana. Niidai?

JIBU: Kuirudisha huwezi, kuiulizia unaweza, na uwe unaulizia kila mwaka kwa maandishi. Makumbusho ya Reina Sofía, Madrid, yalinunua kazi ya mchongaji Mmarekani Richard Serra, vipande vinne vya chuma vyenye uzito wa tani 38, wakaipeleka kwa kampuni ya kuhifadhi mwaka 1990, kuja kuhesabu mali mwaka 2005 haipo. Tani 38 bana! Mpaka leo haijapatikana. Serra akakubali itengenezwe upya na ihesabiwe kuwa ndo kazi halisi. Sasa yako ina kilo ngapi? Omba namba ya usajili, omba picha ya hali yake ya sasa, na wakikwambia ipo ghala la nje waulize la nani.