Muulize Fundi: Pikipiki iliyokaa miaka mitatu haipigwi kiki kwanza

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Mikindani. Boxer 150 ya mume wangu imekaa barazani chini ya turubai tangu ahamishiwe Dodoma, inakaribia miaka mitatu sasa. Nataka iniwahishe shuleni. Kijana wa mtaani ameipiga kiki mpaka kalowa jasho, haijakohoa hata mara moja. Kasema ninunue kabureta mpya na betri mpya. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kwenye betri huenda kapatia. Kabureta usinunue. Na hiyo kiki mwambie aiache leo hii.

Pikipiki ikikaa, oili yote hushuka chini, silinda ikabaki kavu, na kwa upepo wetu wa chumvi kutu haikawii. Ukipiga kiki, ringi zinapanda na kushuka juu ya kutu hiyo. Nilipokuwa najifunza ufundi Chikongola niliharibu ringi za mteja hivyo hivyo, nikazilipa kidogo kidogo mpaka msimu wa korosho ukaisha. Fungua plagi, mimina kijiko cha chai cha oili safi kwenye tundu lake, acha hadi kesho. Kesho, plagi ikiwa bado nje na swichi imezimwa, sukuma kiki kwa mkono, taratibu, mara kumi hivi. Ikigoma, usishindane nayo, iletwe kwa fundi. Ikizunguka, mwaga oili yote ya zamani utie 20W-50 mpya.

Sasa tanki, na hapa ndipo penye ugonjwa wenyewe. Petroli haikai miaka mitatu. Ile nyepesi inaruka, inayobaki inageuka gundi yenye harufu kama ya rangi ya mlango. Na kama mzee aliiacha na nusu tanki, ile sehemu ya juu isiyoguswa na mafuta imeshika kutu. Mwaga yote, fungua koki, mulika ndani kwa tochi. Ukiona wekundu, ziba tundu la koki, tia siki na nati kuukuu kama ishirini, tikisa, ilaze usiku mmoja, tikisa tena. Zihesabu nati unapoziingiza, maana lazima zitoke ishirini. Suuza kwa maji, anika juani mpaka ikauke kabisa, malizia kwa petroli kidogo ya kusuuzia. Chujio la koki nalo lisafishwe.

Gundi ile ile ndiyo iliyoziba jeti za kabureta, yaani vipande vyenye vitundu vya kupitishia petroli, hasa ile ndogo, ambayo tunduni mwake hata sindano haiingii. Ifunguliwe, ioshwe kwa petroli safi, izibuliwe kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Waya wa chuma unapanua tundu, halafu pikipiki inakunywa mafuta kama lori. Petroli ya kujazia nunua kituoni, si ile ya chupa za maji barabarani.

Turubai lako, samahani Mwalimu, limechangia. Linafungia unyevu. Siku nyingine tumia shuka la pamba.

Betri ichajiwe usiku kucha, ipumzike nusu siku, ipimwe. Ikisoma chini ya volti 12.4, badilisha. Chungulia pia boksi la filta ya hewa na mdomo wa sailensa. Niliwahi kuhangaika kutwa nzima na pikipiki ya Naliendele, cheche ipo, mafuta yapo, haiwaki. Kumbe manyigu wamejenga sailensani!

Breki nazifanyia ubishi sana. Magurudumu yote mawili yafunguliwe, kwa sababu kitambaa cha shuu, kile kinachosugua ndani ya gurudumu ukishika breki, hubanduka kwa kutu huku kanyagio bado likikuonyesha kila kitu kizima. Tairi zina tarakimu nne ubavuni: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Zikiwa na nyufa, usizihurumie hata kama kashata zake, yaani meno ya tairi, bado ndefu. Cheni ilowekwe oili. Bima bila shaka imekwisha, kata mpya kabla ya kutoka getini.

Ikiwaka, ukaweka gia ikaruka na kuzimika, usiogope, ni sahani za klachi zimegandana. Ipashe moto, izime, weka gia ya pili, bana klachi uisukume mbele na nyuma mpaka ziachiane.

Siku ya kwanza zunguka hapo hapo Mikindani tu, urudi nyumbani, utandike gazeti chini ya injini. Asubuhi ukilikuta kavu, nenda shuleni.