Maswali ya Wasomaji: Dumu la maji, jina la Furu na mtoto asiyetaka tena shule

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mama wa watoto wanne, ninauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwanangu wa pili ana miaka 13 na mwaka huu ameanza kidato cha kwanza katika shule ya kutwa hapa Mwanza. Ni mdogo wa umbo. Vijana wa kidato cha tatu wamembandika jina la Furu, yule samaki mdogo wa ziwani, wanaziba pua akipita kwa madai kwamba ananuka dagaa, na asubuhi akishakinga maji ya usafi bombani wanamnyang'anya dumu lililojaa na kumwachia lao tupu, hivyo anachelewa mstarini na kuadhibiwa. Siku nyingine wanachukua nauli yake, anarudi nyumbani kwa miguu. Sasa kila Jumatatu anaamka akidai tumbo linamuuma. Baba yake anasema ajifunze kupigana. Mwalimu wa darasa alinijibu kwamba hayo ni mambo ya watoto, watazoeana. Je, nimhamishe?
Mama wa Kirumba

JIBU: Pole sana, mama, na umpe pole mwanao. Nianze na kauli ya mwalimu, kwa sababu ndiyo inayowakwamisha wazazi wengi. Kanda ya Ziwa tunaishi kwa utani, lakini mtani hujibiwa, na pande zote mbili hucheka. Dan Olweus, mtafiti aliyeanza kuchunguza jambo hili katika shule za Sweden na Norway miaka ya 1970, aliutambua uonevu kwa mambo matatu: nia ya kuumiza, kurudiwarudiwa, na nguvu zisizolingana. Kwa mwanao yote matatu yapo. Hata jina lenyewe halikuokotwa ovyo, maana watoto wa ziwani wamesikia jinsi sangara, samaki mkubwa aliyeletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, alivyokuja kuwafyeka furu. Anayekuita Furu amekwisha kukueleza yeye ni nani.

Hilo la nguvu zisizolingana ndilo jibu la ushauri wa baba yake. Mtoto wa miaka 13 akiwarukia vijana watatu wa kidato cha tatu, atapigwa, kisha shule itaandika kwamba wanafunzi wanne walipigana, na habari ya dumu na nauli itakuwa imezikwa hapo. Baba amsaidie kwa njia nyingine: amwambie kijana kwamba hana kosa, na kwamba hayuko peke yake. Taarifa ya UNESCO ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu duniani alikuwa ameonewa na wenzake shuleni katika mwezi mmoja uliotangulia.

Sasa tuje bombani, maana naona kiini cha barua yako kiko pale. Nimewahi kuwa mwalimu wa zamu kwa miaka kadhaa, na ninakiri kwamba asubuhi nilikuwa nasimama getini na mstarini kuwangoja waliochelewa. Mtoto kama wako alinifikia akiwa tayari mkosaji, dumu mkononi halijajaa, na waliomchelewesha walikuwa wamekwisha kujipanga mstarini, sare safi, wakiimba wimbo wa taifa. Nilimwadhibu yeye. Shule huona kuchelewa. Kilichomchelewesha hutokea mahali pasipo na mtu mzima.

Kwa hiyo, kabla hujarudi kwa mwalimu, keti na mwanao jioni, hata mkiwa mnachambua dagaa, na umwombe akusimulie siku yake tangu anapotoka nyumbani hadi anaporudi, bila kumkatiza. Chukua daftari, andika tarehe, saa, mahali, kilichofanyika na nani walikuwepo wakitazama. Fanya hivyo kwa wiki mbili. Mzazi anayesema "mwanangu anaonewa" hujibiwa kwamba watazoeana. Anayesema "bombani, saa moja kasoro robo, siku nne kati ya tano" hajibiwi hivyo kirahisi. Kisha omba jambo moja tu kwa kuanzia, yaani mwalimu mmoja asimame pale bombani kwa dakika zile ishirini. Olweus mwenyewe alibaini kwamba palipokuwa na walimu wengi zaidi wakati wa mapumziko, uonevu ulikuwa mdogo zaidi.

Wale watazamaji uliowaandika usiwapuuze. Nchini Finland upo mpango wa shule uitwao KiVa, ambao umejengwa juu ya wazo kwamba mwonevu hucheza mbele ya hadhira, na hadhira ikikataa kucheka mchezo hupoa. Mwanao akipata wenzake wawili wa kukinga nao maji na kupanda nao daladala, utaona mabadiliko.

Mambo mawili ukatae kwa heshima. La kwanza ni kuwakutanisha ofisini ili wapeane mikono, kwa sababu mdogo atasema yameisha huku akijua njia ya kurudi nyumbani ni ileile. La pili ni kukabidhi suala hili kwa viranja wakomeshe kwa fimbo. Kanuni zinampa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, mamlaka ya kuchapa, tena viboko visivyozidi vinne, na kiranja hayumo.

Usiposikilizwa, mwandikie mkuu wa shule na ubaki na nakala, kisha nenda bodi ya shule, afisa elimu kata au afisa ustawi wa jamii. Kunyang'anywa nauli kwa nguvu au kuumizwa kunatosha kukufikisha dawati la jinsia na watoto la polisi. Simu namba 116, ya kuwasaidia watoto, hupigwa bure, na mwanao mwenyewe anaweza kuipiga.

Kuhamisha kuwe mwisho kabisa. Na kuhusu harufu, tundika sare mbali na magunia ya dagaa kwa ajili ya utulivu wake, ila asikusikie ukisema kwamba hilo ndilo lililoleta matatizo.

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili, shule ya bweni, Sengerema. Nimeitwa na kuambiwa kwamba yeye na wenzake huwalazimisha njuka, yaani wanafunzi wageni wa kidato cha kwanza, wawafulie nguo na kuwapa sabuni zao. Mama yake anataka nimchape. Nifanyeje?
Baba mwenye aibu

JIBU: Ukimchapa atajifunza kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki, somo ambalo ameshalifaulu. Mwulize kwanza nani alimfulisha yeye nguo mwaka jana, na umsikilize mpaka mwisho; bwenini uonevu hurithiwa kama kitanda cha dirishani, na matroni anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji machozi ya binti yako. Baada ya hapo, mhesabu pamoja ni miche mingapi ya sabuni alichukua, muinunue kwa pesa yake ya matumizi, na yeye mwenyewe amkabidhi matroni. Asiwagawie wadogo mbele ya bweni zima, wasije wakalipishwa usiku taa zikizimwa.