Jinzi za Kijapani: mstari mwekundu usikuchanganye, angalia rangi

Mkuu uliyeuliza kama hizi jinzi za Kijapani zina lolote la maana au watu wanalipia jina tu, mimi ni fundi cherehani niko huku Osaka, nazivaa na nazipiga pindo karibu kila wiki. Tofauti ipo, tena kubwa, ila sio pale wengi wanapoangalia.

Watu wanakunja mguu wa suruali wanatafuta ule mstari mwekundu ukingoni. Huo unaonyesha tu kitambaa kimefumwa kwenye mashine ya zamani, ile nyembamba ya kama sentimita 80, uzi wa mshindio, yaani ule unaopita upana wa kitambaa, unaenda na kurudi bila kukatwa ndo maana ukingo haufumuki. Mashine zenyewe nyingi ni Toyoda, ndio, ukoo ule ule wa magari ya Toyota, ile stori kwamba zilinunuliwa viwanda vya Marekani vilipozitupa achana nayo. Lakini mstari hata kitambaa cha hovyo kinawekewa.

Kitu cha kuangalia ni rangi. Nyuzi za mtande, zile za urefu, zinakusanywa kama kamba nene, zinazamishwa kwenye nili, ile rangi ya buluu, zinatolewa zipigwe hewa, zinazamishwa tena, hivyo hivyo mara nyingi, na nili haifiki kwenye kiini, ukiuchambua uzi ndani unakuta mweupe. Ndo maana ikizeeka inapauka pale pale unapokunja goti na unapoweka simu, yaani kila mtu anapata yake, haichuji nguo nzima ikafubaa. Kaihara, watengeneza vitambaa wa Hiroshima, walianza 1893 na vitambaa vya kimono vya nili, wakaja kujitengenezea mashine ya kupaka rangi kwa kamba mwaka 1970, na Kurabo, kiwanda kingine, wakatoa denimu (kitambaa cha jinzi) ya Kijapani, waliyoiita KD-8, mwaka 1973, kabla ya hapo washona jinzi Big John pale Kojima, mji wa mkoa wa Okayama, toka 1965 walikuwa wanashona kitambaa cha Marekani.

Na Kojima hawakuokota huo ufundi barabarani, ardhi yao ilitolewa baharini ina chumvi, mpunga haukubali ila pamba inavumilia, wakaingia kwenye nguo toka enzi hizo mpaka sare za shule, kwa hiyo jinzi zinafika mafundi na vyerehani vizito vipo tayari. Nikipita pale naangalia mishono mpaka wenye maduka wananiuliza natafuta nini.

Jinzi ya kampuni ya Fullcount inanikosha zaidi, pamba ya Zimbabwe, inachumwa kwa mkono, nyuzi ndefu, laini mwilini hata ikiwa mpya.

Sasa ukinunua mbichi, ile ambayo haijafuliwa, uliza kwanza kama itarudi, yaani itasinyaa ikilowa, maana kuna zinazosinyaa karibu asilimia 10 na mteja akiniletea mpya nimpunguzie urefu kabla haijaloweshwa simkatii, namrudisha akailoweke kwanza ikauke. Na wanaosema usiifue miezi na miezi usiwasikilize, jasho linaozesha uzi hasa katikati ya mapaja, igeuze nje ndani, maji baridi, anika kivulini.

Bei mpya nyingi zinazidi yeni 20,000. Kama hela haijakaa vizuri Uniqlo, yale maduka ya nguo za bei nafuu, wana moja ya kitambaa cha Kaihara, anza na hiyo, ivae sana, halafu baada ya mwaka utajua mwenyewe kama unataka kupanda.