Soketi imeangukia nyuma ya kabati: je, waya waweza kuungwa ndani ya ukuta?

SWALI: Assalaam aleikum fundi. Twatengeneza jikoni upya, nyumba ya zamani ya mawe hapa Tudor, Mombasa. Seremala amepima makabati na soketi ya friji imeangukia nyuma ya kabati kubwa. Twataka isogezwe kama mita 2, upande wa sinki. Fundi aliyekuja asema atakata waya hapo hapo, aunge mwingine, afunge tepu vizuri, kisha plasta juu. Nusu siku kazi imekwisha. Mimi roho yaniuma na huo waya ulioungwa ukutani, lakini mume wangu asema breka zetu ni mpya, kukiwa na tatizo zitakata. Ni kweli? Na kutoka kwenye sinki iwe umbali gani?

JIBU: Waaleikum salaam, dada. Huyo fundi mpe nauli yake aende zake.

Nianze na neno la mumeo, maana ndilo ninaloambiwa kila wiki, Kisauni mpaka Changamwe, na waliosoma na wasiosoma: "breka itakata." Itakata nini? Breka kazi yake ni kuangalia umeme unaopita. Ukizidi kiwango chake, au laivu (waya unaoleta umeme) ikigusana na nyutro (unaourudisha), yakata. Ile nyingine yenye kitufe cha kujaribia yalinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Zikipotea miliampea 30 yakata, na hiyo imeokoa roho za watu. Sasa jointi iliyolegea haizidishi umeme wala haiupotezi. Unaokwenda ni ule ule unaorudi. Jointi yapata moto tu, na moto ulio ndani ya plasta, mita 6 kutoka kwenye boksi la breka, hakuna breka ya kawaida inayouona, iwe mpya iwe ya zamani.

Chukua hesabu. Leo soketi ni ya friji, mzigo mdogo, lakini jikoni hakuna soketi ya friji peke yake. Ramadhani ikifika patachomekwa birika. Birika la wati 2,400 kwenye volti 240 lavuta ampea 10. Tuseme jointi ya kusokota kwa mkono ina ukinzani, yaani inauzuia umeme, wa robo omu. Ampea 10 mara 10 mara robo: wati 25. Hizo ndizo wati za chuma cha kulehemu anachotumia fundi redio kuyeyusha risasi. Basi umezika chuma cha kulehemu ukutani mwako, ukakifunga tepu, na kila ukichemsha chai unakiwasha. Kwa breka hizo ni ampea 10 tu kwenye njia ya 32. Birika nalo limepungukiwa volti 2 na nusu na halijui. Kibaya zaidi, shaba ikipata moto huota weusi, weusi huongeza ukinzani, ukinzani huongeza moto. Ndiyo maana jointi kama hiyo yaweza kukaa miaka mitatu bila neno, kisha mwaka wa nne ikaanza.

Niliitwa nyumba moja Kisauni. Hawakuniita kwa sababu ya stima. Waliniita baada ya fundi bomba kushindwa. Kila jioni sebuleni kulinuka samaki. Walikuwa wameosha friji, wamevuta sinki, wamegombana na jirani wa chini anayekaanga. Nikauliza: harufu yaja mkiwasha nini? Wakaangaliana. Mama akasema, nikipiga pasi. Plastiki za umeme zikipashwa moto kupita kiasi mara nyingi hunuka samaki, na pwani hii nani atashtuka kwa harufu ya samaki? Nikapapasa ukuta, mahali pana joto kama paji la mtoto mwenye homa. Nikavunja plasta. Tepu imekuwa kama halua, yavutika, yanata vidoleni. Ndani yake waya umesokotwa mizunguko mitatu kama ukambaa, shaba nyeusi tii, na maganda ya waya yamekakamaa kwa urefu wa kiganja kila upande. Breka? Nzuri kabisa. Haikuwahi kukata hata siku moja, na ndilo jambo waliloniambia kwa fahari nilipoingia.

Haya, yako. Nyumba zetu nyingi waya zimepita ndani ya paipu, kwa hivyo njia safi ni kuzivuta za zamani na kupitisha mpya, nzima nzima bila kuungwa, kutoka soketi iliyo karibu mpaka mahali papya. Ikishindikana, kile kisanduku cha zamani kibaki pale pale, waya ziungwe ndani yake kwa konekta za skrubu zilizokazwa barabara, kisha kifunikwe kwa kifuniko kisicho na matundu. Seremala akate dirisha mgongoni mwa kabati ili siku moja mtu akifikie kwa bisibisi bila nyundo. Atalalamika, mwache alalamike. Kutoka hapo, waya wa milimita za mraba 2.5 ndani ya paipu, ushuke wima au uende mlalo, usikate kona kwa mshazari. Mtu akija kutundika saa ukutani hutazama soketi iko wapi, akakisia waya umepita juu yake au kando yake. Wa mshazari hakuna atakayeukisia, ataupata kwa drili.

Kuta hizi za matumbawe nazo zina mambo yake. Zanyonya unyevu, na kama plasta ilichanganywa mchanga wa bahari, chumvi imo humo humo. Masika yakija ukuta watoa jasho. Tepu haizuii hilo. Huweka unyevu ndani kama bandeji chafu.

Kabla ya kukata chochote, huyo fundi mpya ajue kama soketi iko kwenye ringi. Waya watoka kwenye boksi la breka, wapita soketi zote, warudi ulikoanzia. Ndiyo maana waya wa 2.5 wavumilia breka ya 32, mzigo wagawanyika pande mbili. Nimekuta mara nyingi mtu amehamisha upande mmoja, wa pili akaukunja akauacha. Stima yawaka nyumba nzima, wenyewe wanashukuru. Kumbe sasa mzigo wote wapita njia moja isiyouweza, na breka yangoja 32. Mkiwasha birika, maikrowevu na pasi kwa pamoja, waya wachemka ndani kwa ndani. Kwa hivyo neno "inawaka, fundi" mimi halinipi chochote. Nataka mega, kile kipimo cha kukagua maganda ya waya: njia ipimwe kwa volti 500, isipungue megaomu 1, na athi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, ipimwe mpaka kwenye soketi mpya.

Na afadhali huyo wa tepu. Wako wanaokuambia msivunje ukuta, tutatoa umeme kwa swichi ya taa, iko karibu. Swichi ya taa kwa kawaida haina nyutro. Sasa nyutro aipata wapi? Aiiba kwenye athi. Ile breka ya kitufe cha kujaribia ikikataa, kama ipasavyo, yeye aitoa, akuambia ni mbovu. Hapo kila chombo cha chuma nyumbani, friji, mashine ya kufulia, kinangoja athi ikatike mahali ili mwili wake uwe laivu. Mtoto atoka kuoga miguu mibichi, afungua friji. Sitaki kuendelea.

Hawa hawana bei moja wala sura moja. Mwingine ana mkoba mzuri na fulana ya kampuni. Muulize leseni. Sheria ya Nishati ya 2019 yataka kazi ya umeme ifanywe na mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati, na orodha ya walio nayo iko kwenye tovuti yao. Akiingia kwa maneno ya "mimi nimefanya kazi hii miaka 20", hata mimi nina miaka yangu na leseni ninayo. Na waya nunua mwenyewe, ukwaruze ncha kwa kisu mbele ya mwenye duka. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie.

Wale ambao tayari mna jointi ukutani na mwaijua, msingoje kujenga upya. Soketi yenye ganda la moto, doa la kahawia kwenye plasta, taa inayofifia ukigusa plagi, au samaki asiyepikwa: zimeni njia hiyo, mwite mtu avunje hapo.

Nilitaka kusahau sinki. Isipungue sentimita 30 kwa upande kutoka ukingo wake, nami ningependa zaidi kama ukuta waruhusu, na sentimita 15 juu ya meza ya jikoni. Ya friji yenyewe usiifiche tena nyuma ya friji. Iweke mahali mkono wako wafika, na kabla plasta haijapigwa toa simu upige picha ya ukuta wote, paipu zikionekana na futi imewekwa kando.