Kabla ya kununua kebo ghali, sikiliza kwanza kelele yenyewe

Spika zikianza kuvuma, wa kwanza kulaumiwa ni kebo. Mara nyingi inaonewa bure. Mimi siku hizi sigusi kebo ya mtu kabla sijajua anasumbuliwa na kelele ya aina gani, kwa sababu kinga ya kebo, yaani tabaka la chuma linalozunguka waya wa ndani, inatibu baadhi ya kelele tu.

Mvumo mzito usiobadilika unatokana na umeme wa nyumbani, unaopigapiga mara 50 kwa sekunde (mara 60 kwa nchi kama Marekani). Mlio mkali wa "zzzz" mara nyingi unaletwa na swichi ya kufifisha taa au chaja hafifu. Ule wa "ti-ti-tiii" ni simu iliyowekwa karibu. Isogeze, habari imeisha.

Sasa fanya hivi: fungulia sauti kiasi bila kucheza muziki, shika kebo ya mawimbi (inayoleta sauti kutoka kwenye chanzo hadi kwenye amplifaya), isogeze taratibu huku na kule. Kelele ikipanda na kushuka kwa kufuata mkono wako, kebo inanasa kelele njiani. Ikibaki vilevile, na chanzo chako ni kompyuta ya mapajani, chomoa chaja yake. Kukiwa kimya ghafla, tatizo ni mzunguko wa ethi: vifaa viwili vimeunganishwa ardhini kwa njia mbili, na mkondo mdogo unapita ndani ya kinga ya kebo yenyewe. Hapo hata ununue kebo ya kifalme, mvumo utabaki. Chomeka vifaa vyote kwenye ekstensheni moja, na ikishindikana weka transfoma ya kutenganisha mawimbi ya sauti. Kukata pini ya ethi kwenye plagi ni jambo ninalolikataza kabisa. Kelele itakwisha, lakini siku kifaa kikivuja umeme, ganda lake la chuma litakuwa na umeme unaokusubiri wewe.

Tuseme basi ni kebo kweli. Kinga ziko za aina mbili kuu. Ya karatasi ya alumini inafunika waya wote lakini inachanika kebo ikikunjwakunjwa. Ya msuko wa shaba inaacha vitundu vidogo, ila inavumilia kuchomekwa na kuchomolewa. Kwa kebo inayoguswa kila siku nachagua msuko.

Unaweza pia kuiongezea kebo ya zamani kinga kwa mkono. Laza waya mwembamba wa shaba usio na ganda juu ya kebo kwa urefu wake wote, zungushia karatasi ya alumini kwa kupandisha tabaka juu ya tabaka huku ikigusana na ule waya, kisha funika yote kwa tepu ya umeme. Mwisho mmoja wa waya ufunge kwenye skrubu ya ethi ya amplifaya. Mwisho wa pili uache bila kuungwa popote. Watu huzungushia alumini vizuri sana halafu wakasahau skrubu, na alumini isiyoungwa popote ni pambo tu.

Kuna adui mmoja ambaye alumini na shaba nyembamba havimwezi: uga wa sumaku wa transfoma ya umeme. Dawa yake ni umbali. Kebo ya gramafoni iliyopita nyuma ya amplifaya, kuihamishia upande wa pili kunaweza kufanya kazi kuliko tabaka lolote la kinga. Na pale ambapo lazima ikutane na waya wa umeme, ipitishe kwa kukata msalaba, zisilale sambamba.

Nguvu zako zielekeze kwenye gramafoni na maikrofoni, ambazo mawimbi yake ni milivolti chache tu. Kicheza CD hutoa hadi volti 2 hivi, kelele ndogo haimtishi. Waya za spika hazihitaji kinga kabisa. Kebo ya gramafoni nayo iwe fupi, maana kebo yenye kinga ikirefuka sana hubadilisha sauti nyembamba za juu.