Mzio wa Penisilini na Koo la Mtoto

Swali: Mwanangu wa miaka 8 amepimwa koo na kukutwa na bakteria aina ya streptokokasi. Mwaka jana alikunywa amoksilini, na kabla ya saa moja kupita akavimba midomo na kutoka mabaka ya kuwasha. Duka la dawa hapa Mbagala wamenipa Ampiclox, wakisema hiyo si penisilini. Nimpe? (Mama wa watoto watatu, Dar es Salaam)

Jibu: Mama, usimpe hata kidonge kimoja. Ampiclox ni ampicillin na cloxacillin kwa pamoja, na zote mbili ni penisilini, kama ilivyo amoksilini iliyomvimbisha midomo. Geuza karatasi ya vidonge usome maandishi madogo ya mgongoni: jina linaloishia na “cillin” ni la ukoo huo huo, na hata Augmentin, ingawa jina halisemi, ndani yake mna amoxicillin.

Angekuwa alipata vipele vyepesi tu siku kadhaa baadaye, daktari angeweza kumwandikia sefaleksini, antibiotiki yenye undugu na penisilini, kwa siku 10. Kwa kuwa midomo ilivimba upesi, hiyo nayo aiepuke. Zinabaki azithromaisini kwa siku 5, au klindamaisini au erithromaisini kwa siku 10, kwa kipimo kinachokokotolewa kwa uzito wake.

Kinachonichosha ni imani kwamba penisilini ikishindikana, antibiotiki yoyote itajaza nafasi yake. Kila wiki naletewa bahasha ya kaki yenye vidonge sita vya Septrin, au vya doksisaiklini, bila jina la dawa, imeandikwa “1x2” tu, na muuzaji amemhakikishia mzazi kwamba “ni kali zaidi”. Dawa hizo haziaminiki kumwondoa bakteria huyu kooni. Maumivu hupungua yenyewe, mzazi akashukuru, na bakteria aliyebaki anaweza kuleta homa ya baridi yabisi inayoharibu vali za moyo. Muuzaji anayebahatisha namna hiyo anacheza na moyo wa mtoto wa mwenzake.

Wapo pia wanaojiita wana aleji kwa sababu waliwahi kuharisha walipotumia penisilini, wakajinyima dawa ambayo bakteria huyu hajawahi kuwa sugu kwayo, ilhali usugu kwa azithromaisini na erithromaisini upo.

Dawa sahihi ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, bado inazuia homa hiyo ya baridi yabisi. Mrudishe mtoto leo kwa daktari aliyempima, ukiwa na vidonge hivyo mkononi, na uombe iandikwe kwenye daftari lake: amoksilini, midomo ilivimba, chini ya saa moja.